Utabiri wa hali ya hewa kwa ndege: tunajuaje kama ulikuwa sahihi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa urubani, maofisa wanaopanga safari za ndege, na wakati mwingine abiria aliyeshushwa Mombasa asubuhi ya Julai akisubiri mawingu ya Nairobi yanyanyuke. Mifano mingi ni ya Dar es Salaam, Nairobi na Ziwa Viktoria, lakini taratibu zake ni zilezile dunia nzima. Nayajibu kama mtabiri anayeamini kwamba kazi yake haijaisha mpaka amerudi kuuangalia utabiri wa jana.

Utabiri unaohakikiwa ni upi hasa?

Hapa nazungumzia zaidi TAF, yaani utabiri wa kiwanja. Huandikwa kwa msimbo mfupi na hueleza upepo, umbali wa kuona, mvua au radi, na mawingu yanayotarajiwa kiwanjani. Kwa kanuni za kimataifa hauwi chini ya saa 6 wala hauzidi saa 30. Ule mrefu, wa saa 12 hadi 30, hutolewa upya kila baada ya saa 6. Ushahidi wa kuupimia ni METAR, ripoti ya hali halisi inayotoka kila saa au kila nusu saa, pamoja na SPECI, ripoti ya ghafla inayotolewa hali ikibadilika katikati ya ratiba.

Mfano wa kutunga, wa siku ya masika Dar es Salaam:

TAF HTDA 141100Z 1412/1518 18008KT 9999 SCT020 TEMPO 1500/1506 3000 TSRA BKN015 FEW018CB=

Yaani: kuanzia tarehe 14 saa 12Z hadi tarehe 15 saa 18Z, upepo wa kutoka kusini wa noti 8 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), kuona kilomita 10 au zaidi, mawingu yaliyotawanyika kwenye futi 2,000. Ila kati ya 00Z na 06Z ya tarehe 15, kwa vipindi vifupi, mvua ya radi itashusha umbali wa kuona hadi mita 3,000 na mawingu yatashuka hadi futi 1,500. Tutaurudia mfano huu.

Hiyo Z ni saa ngapi kwetu?

Ni saa ya dunia, na Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele yake. Anayehesabu saa kwa Kiswahili ana njia ya mkato: chukua saa ya Z, toa tatu, unapata saa yetu. 06Z ni saa tatu asubuhi, 12Z ni saa tisa alasiri, 15Z ni saa kumi na mbili jioni. Ikifika 18Z, kumi na tano zinazobaki ni saa tatu usiku. Kwa 00Z hesabu kama 24 utoe tatu: ishirini na moja, yaani saa tisa usiku. Nimeona wanafunzi wakilinganisha TAF na METAR ya saa nyingine kabisa kwa kukosea hapa, kisha wanalaumu utabiri.

Nikiambiwa kituo fulani "kiko sahihi kwa asilimia 95", niamini?

Uliza kwanza: asilimia 95 ya nini? Jibu la swali hilo ndilo linalobeba kila kitu, na mfano wake mzuri kuliko yote una zaidi ya miaka 140.

Mwaka 1884 John Park Finley, askari wa kikosi cha mawasiliano cha Jeshi la Marekani kilichokuwa kikishughulikia hali ya hewa wakati huo, alitoa tabiri 2,803 za tonado: itatokea au haitatokea. Alipohesabu alijikuta amepatia 2,708, ambayo ni asilimia 96.6. Inavutia. Mwaka huohuo mwanajiolojia Grove Karl Gilbert akazitazama namba zilezile kwa jicho jingine. Tonado zilikuwa 51 tu. Mtu ambaye angesema "haitatokea" mara zote 2,803, bila kuangalia ramani hata moja, angepatia 2,752, yaani asilimia 98.2. Angemshinda Finley, na asingemwonya mtu yeyote hata mara moja.

Kiwanja cha ndege kina tatizo hilohilo kila siku. Saa nyingi za mwaka pale Dar es Salaam anga ni nzuri, kuona ni kilomita 10 au zaidi, na ndege inatua bila shida. Ukihesabu saa zote kwa uzito mmoja, saa hizo rahisi zinazifunika zile chache ambazo rubani alikuhitaji. Asilimia inabaki nzuri hata kama kila mvua ya radi iliwakuta watu hawana habari.

Basi tunahesabuje?

Tunaigawa kazi katika visanduku vinne. Chukua tukio moja lililo wazi, mfano radi kiwanjani. Lilitabiriwa na likatokea: limenaswa. Lilitabiriwa halikutokea: tahadhari ya bure. Halikutabiriwa likatokea: limeponyoka. Halikutabiriwa na halikutokea: kimya.

Kwa Finley: yaliyonaswa 28, tahadhari za bure 72, yaliyoponyoka 23, kimya 2,680. Sasa uliza maswali yenye maana. Katika tonado 51, alinasa ngapi? 28, karibu asilimia 55. Katika tahadhari zake 100, ngapi zilikuwa za bure? 72. Ukiacha kimya nje ya hesabu kabisa, ukagawa 28 kwa jumla ya visanduku vitatu vilivyobaki (28, 72 na 23), unapata 0.23. Ukitumia kipimo kinachoondoa alama ambazo mtu angezipata kwa bahati tu, kile kinachoitwa kipimo cha Heidke, anapata 0.36, ambapo 1 ni ukamilifu na 0 ni sawa na kubahatisha.

Angalia kwamba 0.36 bado ni juu ya sifuri. Finley alikuwa anajua kitu, na alikijua mwaka 1884 bila rada wala setilaiti. Gilbert hakumvunjia heshima. Alionyesha tu kwamba elimu ya Finley haikuwa mahali pale ilipotangazwa kuwa.

Ukipewa namba moja tu kati ya hizi, dai nyenzake. Mtabiri anayetangaza radi kila siku atanasa zote. Anayenyamaza mwaka mzima hatakuwa na tahadhari ya bure hata moja.

Kuna kiwango rasmi cha usahihi?

Kipo, kwenye Kiambatisho cha 3 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Si sharti la kisheria. Ni mwongozo wa usahihi unaotakiwa na watumiaji. Kwa TAF unasema hivi: mwelekeo wa upepo usipishane kwa zaidi ya nyuzi 20, na kasi kwa zaidi ya noti 5, katika asilimia 80 ya mara. Umbali wa kuona ndani ya mita 200 ikiwa ni hadi mita 800, na ndani ya asilimia 30 kati ya mita 800 na kilomita 10, vilevile asilimia 80. Kunyesha au kutonyesha, asilimia 80. Kimo cha mawingu ndani ya futi 100 yakiwa chini ya futi 1,000, na ndani ya asilimia 30 juu ya hapo hadi futi 10,000, katika asilimia 70 ya mara. Joto ndani ya nyuzi 1 ya Selsiasi, asilimia 70.

Ukisoma maelezo yake utaona mantiki iliyo nyuma ya namba hizo: utabiri ukibaki ndani ya mipaka hiyo kwa kiwango hicho, makosa yake hayaonekani kuwa mazito yakilinganishwa na makosa ya uongozaji wa ndege na mashaka mengine ya safari. Kipimo kimetoka kwenye chumba cha rubani, na hapo ndipo kilipostahili kutoka.

Tangu Novemba 2012 kiambatisho hicho kinazitaka pia nchi ziendeshe huduma za hali ya hewa kwa usafiri wa anga chini ya mfumo wa usimamizi wa ubora. Ndiyo maana taasisi kama Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania zinafuata ISO 9001 na kukaguliwa. Mkaguzi hataki kusikia kwamba utabiri ulikuwa mzuri. Anataka kuona umeupimaje.

Nyuzi 20 za upepo zinabadilisha nini?

Pengine hakuna kitu, pengine safari nzima. Njia kuu ya kurukia ndege ya Dar es Salaam ni 05/23, yaani inaelekea kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Kaskazi inapovuma, upepo unakuja takriban kwenye pua ya ndege inayotumia 05, na mtabiri akikosea nyuzi 20 rubani hashtuki. Kusi ni habari nyingine, kwa sababu hupiga ubavuni. Chukua upepo wa noti 20 na njia ya 23, yaani ya nyuzi 230. Ukitoka nyuzi 180, nguvu ya ubavuni ni noti 15 hivi. Ukitoka nyuzi 160, ni karibu noti 19. Kwa ndege ndogo tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama unatua au unageuza.

Kwa hiyo kosa la namba ileile halina uzito uleule misimu yote. Kwa upepo dhaifu, noti 3 au 4, mwelekeo huwa hautulii na kuuhakiki ni kupoteza wakati. Kanuni zenyewe za kubadilisha TAF zinaonyesha hivyo: mwelekeo ukigeuka nyuzi 60 au zaidi unaandikwa ikiwa tu kasi, kabla au baada ya kugeuka, ni noti 10 au zaidi.

TEMPO inahakikiwaje? Si ni njia ya mtabiri kusema mambo mawili kwa wakati mmoja?

Hapa ndipo uhakiki unapokuwa mgumu, na ndipo ninapopapenda.

TEMPO ina maana iliyofungwa. Kila kipindi cha mabadiliko kiwe chini ya saa moja, na vyote vikijumlishwa viwe chini ya nusu ya muda uliotajwa. Kwenye mfano wetu dirisha ni saa 6, kwa hiyo mvua ya radi ije kwa vipande vifupi visivyofikisha saa 3 kwa jumla.

Sasa tuseme METAR za usiku huo zilionyesha radi kuanzia 0220Z hadi 0250Z, kuona mita 3,000, kisha anga ikarudi kuwa nzuri. TEMPO imetimia barabara. Tuseme badala yake mvua ilikaa kuanzia 0100Z hadi 0500Z bila kukatika, kuona mita 3,000 muda wote. Mhakiki mvivu ataandika "imenaswa", kwa kuwa radi ilitabiriwa na ikaja. Lakini rubani aliyeusoma utabiri ule alipanga kuzunguka angani dakika 30 au 40 mvua ipite. Kwake utabiri ulikosea, na umemlia mafuta. Hali ya saa nne mfululizo ilitakiwa iandikwe kama hali kuu ya saa hizo, si kama wingu linalopita.

Njia moja ninayoiona ya haki ni ile ya Austro Control, shirika la kuongoza ndege la Austria, iliyochapishwa mwaka 2008. Kwa kila saa unatafuta mambo mawili kwenye ripoti: hali nzuri kuliko zote na hali mbaya kuliko zote. Kwenye TAF nako unatoa mawili: hali nzuri inayoruhusiwa na hali mbaya inayoruhusiwa saa hiyo. Kisha nzuri unailinganisha na nzuri, mbaya na mbaya. Mtabiri aliyejaza TEMPO za kutisha ataumbuka upande wa hali mbaya, kwa kuwa ilitabiriwa mara nyingi na haikuja. Aliyeificha mvua ndefu ndani ya TEMPO ataumbuka upande wa hali nzuri, kwa kuwa ile anga safi aliyoiahidi kati ya kipande na kipande haikuonekana.

Na BECMG?

Inaonyesha hali inayobadilika moja kwa moja na kubaki hivyo, kwa kawaida ndani ya saa 2 na kamwe si zaidi ya saa 4. Ndani ya dirisha hilo unakubali hali ya kale au mpya. Likishapita, mpya tu ndiyo inayokubalika. Asubuhi za Juni hadi Agosti Nairobi, mawingu mazito ya chini yanapotabiriwa kunyanyuka, BECMG ndiyo mashirika ya ndege yanaisoma kabla ya neno jingine lolote. Kosa la saa moja hapo linajaza ndege angani.

PROB30 inaweza kukosea?

PROB30 ni kusema kuna uwezekano wa asilimia 30. Moja peke yake, haiwezi. Radi ikija ulisema inawezekana. Isipokuja ulisema kuna uwezekano mkubwa zaidi isije. Kwa hiyo zikusanye. Chukua PROB30 zote za radi za misimu miwili au mitatu. Ikiwa mtabiri anajua anachosema, radi itakuwa imetokea katika takriban 30 za kila 100. Ukikuta imetokea katika 8 tu, tatizo ni woga. Ukikuta 60, alikuwa na taarifa ya kutosha kuandika TEMPO kamili na hakuthubutu. Kanuni ziko wazi: uwezekano chini ya asilimia 30 hauandikwi, na ukifika 50 haustahili kuitwa PROB tena. Kilichobaki ni PROB30 na PROB40, basi.

Kwa utabiri wa asilimia kwa ujumla kipo kipimo cha Brier, cha mwaka 1950. Kinachukua tofauti kati ya asilimia uliyotaja na kilichotokea (1 au 0), kinaipiga kipeo cha pili, kisha wastani wake. Kinampa alama bora anayesema kile anachokiamini kweli, na hicho ndicho ninachokipendea.

Kwa nini mtabiri asiweke tu radi kila siku, ili awe salama?

Atakuwa salama yeye. Ndege haitakuwa bora kwa hilo. TAF ikitaja hali iliyo chini ya viwango vya kutua, ofisa wa safari anaongeza mafuta, anatafuta kiwanja mbadala cha mbali zaidi, au anapunguza mizigo. Na mafuta ya ziada yenyewe yanabebwa kwa mafuta: kwa kadirio linalotumika sana, asilimia 3 hivi ya uzito huo huungua kwa kila saa ya safari. Ukibebesha ndege tani 2 za bure kwa saa 5, takriban kilo 300 zinaishia hewani bila kumsaidia mtu.

Hasara kubwa zaidi haiandikwi kwenye hati ya mafuta. Rubani anayeona TEMPO ya radi kwenye kila TAF ya masika, siku baada ya siku, anaacha kuisoma. Siku radi inapokuja kweli, neno lile halina nguvu tena. Ndiyo sababu naziona tahadhari za bure kuwa kosa halisi, si kosa dogo la kusamehewa kwa kuwa "heri shari nusu kuliko shari kamili".

METAR ndiyo ukweli wenyewe?

Ndiyo ushahidi bora tulio nao, na una mapungufu ambayo mhakiki lazima ayajue.

Umbali wa kuona usiku hupimwa kwa taa zinazojulikana ziko umbali gani. Upande usio na taa, mwangalizi anakadiria. Wingu la radi lililo mbali kwenye giza halionekani mpaka limulikwe na radi yake. Ngurumo huripotiwa kama radi ya kiwanjani ikiwa imesikika ndani ya dakika 10 kabla ya uangalizi, na kituo cha kujiendesha kisicho na kifaa cha kunasa radi hakisikii kitu. Kituo kikibadilishwa kutoka mwangalizi kwenda mashine, idadi ya radi inaweza kuporomoka kwenye takwimu bila anga kubadilika hata kidogo, na watabiri wakaonekana wameanza kutoa tahadhari za bure.

Linalonisumbua kuliko yote ni ripoti zinazokosekana. Wakati fulani nilikuwa nahakiki usiku wa mvua kwenye kiwanja kidogo na matokeo yalipendeza mno. Nilipofungua ripoti moja moja nikakuta saa tatu hazimo kabisa, na ni zile saa ambazo picha za setilaiti zilionyesha wingu kubwa likikaa juu ya kiwanja. Umeme ulikatika, ripoti hazikutoka, programu ikaziruka na kuhesabu zilizobaki. Tangu hapo, kabla ya kutaja alama yoyote, nataja kwanza ni ripoti ngapi zilitarajiwa na ngapi zilipatikana. Saa zinazopotea mara nyingi ndizo saa mbaya.

TAF ikirekebishwa, tunahakiki ipi?

Zote mbili, kila moja kwa swali lake. Kwa kila saa tunatumia TAF iliyokuwa hewani kabla ya saa hiyo kuanza, na marekebisho yanahesabiwa kuanzia yalipotolewa tu. Marekebisho ya radi yaliyotoka dakika tano baada ya mvua kuanza hayajanasa radi. Yana faida yake kwa ndege iliyo njiani, ila si utabiri wa tukio lile. Tunaitunza pia TAF ya kwanza kama ilivyotoka, herufi kwa herufi, kwa sababu ndiyo aliyoisoma rubani kabla ya kuondoka Dubai au Amsterdam.

Inakuwaje utabiri wa saa 3 na wa saa 27 zipewe alama moja?

Zisipewe. TAF ya saa 30 ikitolewa kila baada ya saa 6, kila saa ya siku inaguswa na TAF tano tofauti. Kwa mwaka ni TAF 1,460 na saa 43,800 za utabiri zinazolinganishwa na saa 8,760 za kweli. Zipange kwa umri wake utaona wazi ubora unavyopungua. Ukiona haupungui, kagua: ama kiwanja chako kina hali rahisi mwaka mzima, ama kuna mtu ananakili TAF iliyopita.

Kituo cha ziwani kina alama ndogo kuliko cha pwani. Watabiri wake ni dhaifu?

Huwezi kusema hivyo kwa alama peke yake. Ziwa Viktoria lina tabia yake. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu na mawingu hujenga juu ya ardhi. Usiku hugeuka, hewa kutoka pande zote hukutana katikati ya maji yenye joto, na radi huzaliwa ziwani kuanzia usiku hadi asubuhi. Upande wa magharibi, kama Bukoba, hupata mvua nyingi za alfajiri na asubuhi. Mtabiri wa Entebbe au Mwanza anajua radi ipo ziwani; swali lake ni kama itafika njia ya kurukia ndege au itapita kilomita 15 pembeni. Rada ya Mwanza inasaidia kwa saa moja au mbili. Kwa TAF ya saa 30, haisaidii.

Linganisha hilo na Zanzibar wakati wa kipupwe, ambapo mtu akinakili hali ya jana anapata alama nzuri. Na hicho ndicho kipimo cha haki: mlinganishe mtabiri na utabiri wa mazoea, ule unaosema "kama ilivyo sasa itaendelea", na wastani wa miaka mingi wa saa hiyo na mwezi huo. Tofauti kati yake na mazoea ndiyo kazi aliyoifanya yeye. Mtabiri wa ziwani mwenye asilimia 70 anaweza kuwa amefanya kazi kubwa kuliko wa pwani mwenye 97.

Data za muda gani zinatosha?

Kwa upepo na joto, msimu mmoja unakupa picha. Kwa matukio machache, kama ukungu mzito, hata miaka mitano inaweza kuwa na matukio ya kuhesabu kwa vidole. Usilinganishe watabiri wawili kwa matukio manne.

SIGMET na ramani za upepo wa juu nazo zinahakikiwa?

Upepo wa juu, ndiyo, tena vizuri. Tabiri hizo hutoka vituo viwili vya dunia, London na Washington, na ndege zenyewe hupima upepo na joto zikiwa njiani na kutuma chini. SIGMET, yaani onyo la hatari angani, ni ngumu zaidi: inaeleza radi kali, msukosuko au majivu ya volkano katika eneo kubwa la anga kwa muda usiozidi saa 4 (saa 6 kwa majivu na vimbunga), na mara nyingi hakuna ndege iliyopita hapo kusema kulikuwa na nini. Rubani akionywa akazunguka, ametumia onyo vizuri na ameondoa ushahidi wake palepale. Kwa hiyo tunategemea setilaiti, na tunakiri kwamba wingu kuonekana si sawa na msukosuko kuhisiwa.

Naweza kuhakiki mwenyewe?

Unaweza, na kwa mwanafunzi wa urubani sijui zoezi bora zaidi. Chagua kiwanja kimoja na tukio moja, mfano kuona chini ya mita 5,000. Hifadhi TAF zinapotoka, usisubiri kuzitafuta baadaye. METAR za nyuma zinapatikana wazi kwenye hifadhi ya Ogimet na ile ya Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani. Kabla hujaanza, andika kanuni zako: ni TAF ipi inahesabiwa, TEMPO utaipa alama vipi, ripoti ikikosekana utafanya nini. Ukiziandika baada ya kuona matokeo, utazipinda bila kujua. Daftari lenye visanduku vinne linatosha kwa miezi mitatu ya kwanza.

Mtabiri akikosea anaadhibiwa?

Alama za uhakiki zikigeuzwa fimbo, kila mtu anajifunza kuandika TAF ya kulinda alama. Kinachosaidia ni kukaa pamoja na kurudi kwenye ramani za usiku ule: nini kilikuwepo tusikione, nini tulikiona tukakipuuza. Jina la aliyekuwa zamu halihitajiki kwenye mazungumzo hayo.

Mimi ni rubani. Nisaidieje?

Toa taarifa. Ukikutana na msukosuko, wingu lililo chini kuliko ilivyotabiriwa, au upepo uliogeuka kwenye fainali, yaani hatua ya mwisho ya kutua, mwambie mwongoza ndege hapohapo, na ukishatua pitia ofisi ya hali ya hewa au wapigie. Sema saa, kimo na mahali. Na ukikuta hali ilikuwa nzuri pale tulipoandika mbaya, sema pia. Taarifa hizo hazitufikii kabisa, kwa kuwa hakuna anayepiga simu kulalamika kwamba anga ilikuwa safi.